Ubalozi Mdogo Ujengwe Kuanzia Dirisha la Mwananchi

Agosti 2020, siku chache baada ya bandari ya Beirut kulipuka, wanawake wa Kenya waliokuwa wakifanya kazi za ndani nchini Lebanon walikusanyika nje ya ofisi ya konseli wa heshima wa nchi yao, wakalala kando ya barabara na mabegi yao pembeni. Walichotaka ni kurudi nyumbani. Miezi miwili kabla ya hapo, wanawake wa Ethiopia wanaofanya kazi hiyohiyo walikuwa wameteremshwa na waajiri wao mbele ya ubalozi mdogo wa Ethiopia na kuachwa hapo, kwa kuwa fedha ya Lebanon ilikuwa imeporomoka na mishahara haikulipika.

Mjadala uliofuata ulihusu mawakala wa ajira, mikataba na mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na ulistahili kuwapo. Lipo jambo lingine ambalo halikupewa nafasi, nalo ni jengo. Mtu aliyefukuzwa kazi usiku katika nchi ya ugenini, bila pasipoti mkononi, huenda palipo na bendera ya nchi yake. Akifika, atakuta nini? Geti lililofungwa, ngazi za jengo la kupanga, au mlango wenye mlinzi anayezungumza lugha yake na chumba cha kuketi?

Nchi za Afrika Mashariki ziko katika msimu wa kufungua na kujenga ofisi nje ya mipaka. Tanzania ina balozi ndogo, zinazoitwa konseli kuu, Mombasa, Dubai, Jeddah, Guangzhou na Lubumbashi. Kenya ina yake Dubai na Los Angeles, miongoni mwa miji mingine. Huko nyuma nyingi ya ofisi hizi zilianzia katika nyumba za kuishi au ghorofa za kupanga, na sasa serikali zinataka kumiliki majengo yao. Ni uamuzi mzuri. Hofu ni kwamba majengo hayo yatachorwa kuanzia juu kushuka chini: kwanza ofisi ya konseli mkuu, kisha ukumbi wa hafla, kisha ghorofa za kupangisha, na mwananchi mwenye shida atafutiwe pembe itakayobaki. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake. Ramani ya ubalozi mdogo ianzie kwenye dirisha la huduma, na vyumba vingine vyote vifuate.

Hoja hii ina msingi wa kisheria. Ubalozi unaangalia uhusiano wa serikali kwa serikali, na unaongozwa na Mkataba wa Vienna wa 1961. Ubalozi mdogo una mkataba wake, ule wa 1963, ambao Ibara yake ya 5 imejaa shughuli za watu wa kawaida: pasipoti na viza, vizazi na ndoa, mirathi, mabaharia, watoto wasio na mlezi. Ibara ya 36 inampa aliyekamatwa ugenini haki ya kuwasiliana na konseli wa nchi yake. Kwa maneno mengine, raia wa kawaida ndiye mteja mkuu wa jengo hili, na mgeni rasmi huja mara mojamoja.

Mikataba hiyo miwili inatofautiana hata katika jambo la moto. Majengo ya ubalozi hayaingiliki bila ridhaa ya balozi, basi. Kwa ubalozi mdogo, Ibara ya 31 ya mkataba wa 1963 inalinda sehemu inayotumika kwa kazi za kikonseli peke yake, na inaongeza kwamba kukitokea moto au janga linalohitaji hatua za haraka, ridhaa ya mkuu wa ofisi inaweza kuhesabiwa imetolewa. Ibara ya 33 nayo inasema nyaraka za kikonseli haziguswi wakati wowote, mahali popote zilipo. Mbunifu majengo akizisoma ibara hizo pamoja anapata agizo lililo wazi kabisa: zimamoto wa nchi mwenyeji wawe na njia ya kuufikia ukumbi wa kusubiria, ngazi na stoo bila kupita katika chumba cha nyaraka. Chumba hicho kiwe kando, na kuta na mlango wake viweze kuhimili moto. Ni vigumu kulitimiza hilo katika nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi.

Kisha kuna usalama, na hapa Afrika Mashariki ilipata funzo kwa gharama ya damu.

Agosti 7, 1998, kati ya saa nne na nusu na saa tano kasoro asubuhi, mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam kwa kupishana dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, na 12 tu kati yao walikuwa Wamarekani. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja aliyekuwamo. Maelfu walijeruhiwa. Pale Nairobi, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, jengo la ubalozi lenyewe liliharibika vibaya lakini mihimili yake ilibaki imesimama. Lililoporomoka ni la jirani, Ufundi House, ambamo kulikuwa na chuo cha makatibu muhtasi. Watu wengi katika majengo ya karibu waliposikia mshindo wa kwanza, uliotangulia bomu lenyewe, walikwenda dirishani kuangalia kuna nini. Bomu likawakuta hapo, na vioo vikawaingia machoni.

Balozi wa Marekani nchini Kenya wakati huo, Prudence Bushnell, alikuwa ameiandikia Washington mara kwa mara kuwa jengo lile liko karibu mno na barabara na linahitaji kuhamishwa. Pendekezo la kuyatenga majengo ya balozi na barabara kwa mita 30 lilikuwapo tangu katikati ya miaka ya 1980, baada ya ubalozi wa Marekani mjini Beirut kulipuliwa mwaka 1983 na watu 63 kuuawa. Nairobi haikuwa katika orodha ya dharura. Mwaka 1999 Bunge la Marekani liliifanya mita 30 kuwa sheria, na mwaka 2003 majengo mapya yakafunguliwa Gigiri kule Nairobi na Barabara ya Old Bagamoyo jijini Dar es Salaam.

Yapo mambo mawili ya kuchukua hapo. Nchi inayojenga ubalozi mdogo hailindi watumishi wake peke yao. Inabeba dhamana ya wachuuzi, wapangaji na wanafunzi wa jengo la pili, kwa hiyo uchaguzi wa kiwanja ni suala la majirani pia. Pili, kioo kinaua. Kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, ambacho kikivunjika hubaki kimeshikamana badala ya kurusha vipande, ni gharama ndogo ukilinganisha na bajeti nzima ya ujenzi. Kiandikwe katika zabuni tangu siku ya kwanza, kisije kikawa cha kwanza kukatwa mkandarasi anapoambiwa apunguze gharama.

Istanbul ilionyesha umbali unavyofanya kazi. Katikati ya mwaka 2003 konseli kuu ya Marekani ilihama kutoka katikati ya mji kwenda kilimani İstinye, mbali na barabara. Novemba 20 mwaka huohuo, lori la mabomu liliishambulia konseli kuu ya Uingereza iliyobaki mtaani Beyoğlu, na Konseli Mkuu Roger Short akauawa pamoja na watumishi wake na wapita njia. Waliohama walisalimika.

Lakini umbali nao una bei yake. Jengo likiwekwa nje ya mji, nyuma ya kuta mbili na eneo tupu, mfanyakazi wa ndani mwenye saa tatu za ruhusa kwa wiki hafiki. Nauli ya teksi inaweza kumeza mshahara wake wa siku kadhaa. Basi la umma likiishia kilomita mbili kabla ya geti, ofisi hiyo imefungwa kwake hata kama imeandikwa kuwa iko wazi. Kabla ya kulipia kiwanja, kwa hiyo, wizara ichukue ramani ya mji husika na kuuliza raia wake wanaishi mitaa gani, wanatumia basi au treni ipi, na siku yao ya mapumziko ni ipi.

Wabunifu wazuri wamethibitisha kuwa usalama na ukarimu vinaweza kukaa kiwanja kimoja. Ubalozi wa Marekani uliofunguliwa Nine Elms, London, Januari 2018, kazi ya kampuni ya KieranTimberlake, uligharimu takriban dola bilioni 1 zilizotokana na mauzo ya mali za Marekani jijini humo. Upande mmoja wake una bwawa. Mpita njia anaona maji na bustani, ilhali lori la mabomu halipiti hapo.

Mfano wa karibu zaidi uko Addis Ababa. Mwaka 2005 Uholanzi ilikamilisha ubalozi wake ndani ya msitu wa mikaratusi, uliobuniwa na Dick van Gameren na Bjarne Mastenbroek. Jengo ni refu na la chini, zege lake limetiwa rangi nyekundu ya udongo wa pale, na juu ya paa kuna vidimbwi vya kina kifupi vya maji ya mvua. Mwenyeji wa Ethiopia akiliona hukumbuka makanisa ya Lalibela yaliyochongwa mwambani. Mwaka 2007 lilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Wabunifu waliisoma ardhi na historia ya wenyeji kabla ya kuchora mstari wa kwanza, na jengo likapata heshima bila marumaru wala nguzo za dhahabu.

Sasa turudi kwenye dirisha. Katika ofisi nyingi za aina hii kuna ukumbi wenye viti vilivyopangwa safu, na mbele yake madirisha ya vioo yenye tundu la kupitishia karatasi na kipaza sauti. Dirisha hilo linatosha kwa mwanafunzi anayefuata pasipoti. Anapokuja mwanamke aliyepigwa au kunajisiwa na mwajiri wake, ataanzaje kusimulia kwenye kipaza sauti huku watu 40 wamekaa nyuma yake wakisikia? Ataomba hati ya dharura ya kusafiria, atanyamaza juu ya yaliyomkuta, na kesi itafia hapo. Chumba kidogo cha faragha chenye milango miwili, mmoja wa mwananchi na mwingine wa ofisa, viti vya kuketi pande zote, na ukuta usiopitisha sauti: hicho ndicho chumba chenye kazi nzito kuliko vyote katika jengo. Angalau viwili vinahitajika.

Mambo mengine yanafuata mantiki hiyohiyo. Kaunta moja iwe ya kimo cha mtu aliyeketi, sentimita 75 hivi kutoka sakafuni, kwa ajili ya wazee na wanaotumia kiti cha magurudumu. Vyoo viwe upande wa wananchi, bila kuomba mlinzi afungue mlango. Iwepo sehemu ya kunyonyeshea mtoto na sehemu ya kuswalia. Kamera ya picha na kifaa cha alama za vidole viwekwe penye mwanga mzuri, maana pasipoti za kielektroniki hukataliwa kwa picha mbaya na mtu hulazimika kurudi tena. Katika Ghuba, nje ya geti pawe na kivuli na maji. Falme za Kiarabu zimekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, Juni 15 hadi Septemba 15 kila mwaka. Ikiwa fundi haruhusiwi kufanya kazi katika joto hilo, foleni ya pasipoti nayo isipangwe humo.

Jengo lipimwe pia kwa siku mbaya. Kati ya Septemba na Desemba 2024 Falme za Kiarabu zilitoa msamaha kwa wageni waliopitiliza muda wa viza zao, na msamaha wa namna hiyo huwapeleka watu wengi kwa mkupuo kwenye konseli za nchi zao kutafuta hati za kusafiria. Ukumbi uliochorwa kwa watu 50 hauwezi kupokea 500. Ua lenye paa, umeme, maji na vyoo vya ziada, ambalo siku za kawaida ni maegesho au uwanja wa sherehe za taifa, linaweza kugeuzwa kituo cha dharura kwa saa chache iwapo limechorwa kwa lengo hilo.

Ufilipino ililiandika hitaji hili katika sheria. Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino, na taifa hilo likatikisika. Miezi michache baadaye ikapitishwa Sheria Namba 8042, inayoagiza kuwepo kwa kituo cha wafanyakazi wahamiaji ndani ya eneo la ubalozi katika kila nchi yenye Wafilipino wengi wanaofanya kazi. Kituo kiwe wazi saa 24, kitoe ushauri, msaada wa sheria na huduma nyinginezo. Kwa hiyo mbunifu anayechora jengo la Ufilipino katika nchi kama hiyo hawezi kusahau chumba cha mhanga. Kikikosekana, sheria imevunjwa. Tanzania, Kenya na Uganda zinapeleka wafanyakazi Ghuba kila mwaka. Mabunge yao yanaweza kutunga kifungu cha namna hiyo kabla bajeti ya ujenzi unaofuata haijapita.

Kuhusu fedha, hoja inayotolewa mara nyingi ni kulifanya jengo kuwa kitega uchumi. Uganda House ya New York, karibu na Umoja wa Mataifa, imekaa na wapangaji kwa miongo mingi, na Tanzania imeingia mkondo huo kwa majengo pacha ya Upper Hill, Nairobi, yanayojengwa kwa ushirikiano na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Kodi ya pango inaweza kulipia matengenezo, na hilo ni jema. Ila Ibara ya 55 ya mkataba wa 1963 inasema ofisi za taasisi nyingine zikiwekwa katika jengo la konseli lazima zitengwe na zile za konseli, na hazihesabiwi kuwa sehemu yake. Maana yake ni milango tofauti, lifti tofauti, na kinga inayoishia kwenye ukuta wa kutenganisha. Mpangaji akiwekwa ghorofa ya chini penye mlango mzuri wa barabarani na mwananchi akapelekwa ghorofa ya saba, jengo limeshaamua nani ana thamani.

Usiri wa bei nao umeziumiza nchi hizi. Mwaka 2010 ununuzi wa jengo la ubalozi wa Kenya jijini Tokyo ulizua moto bungeni, hadi waziri wa mambo ya nje akakaa pembeni kwa muda. Tanzania ilikuwa na kesi ya jengo la ubalozi lililonunuliwa Roma mwaka 2002 kwa zaidi ya euro milioni 3. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipanda kizimbani mwaka 2012 kutoa ushahidi upande wa utetezi, na washtakiwa wakaachiwa huru. Kesi hizo zilikula miaka ya watu na jina la nchi. Tathmini ya mkadiriaji majenzi huru ikitangazwa, pamoja na ramani, mkataba na ripoti ya kila awamu, inamlinda mlipa kodi na inamlinda pia balozi anayeweka saini. Siri za usalama zibaki katika unene wa kuta na mifumo ya mawasiliano. Bei ya kiwanja si siri ya dola.

Mifumo hiyo ya mawasiliano nayo inahitaji jicho kali. Marekani ilianza kujenga ubalozi mpya Moscow mwaka 1979, na nguzo na kuta zikamiminwa kiwandani na Wasovieti bila usimamizi. Mwaka 1985 kazi ilisimamishwa: vinasa sauti vilikuwa ndani ya zege lenyewe. Ghorofa za juu zilibomolewa na kujengwa upya, na jengo likaanza kutumika mwaka 2000 tu. Makao makuu ya Umoja wa Afrika Addis Ababa, zawadi ya China iliyozinduliwa mwaka 2012, yaliingia katika habari Januari 2018 gazeti la Ufaransa Le Monde liliporipoti kuwa data zilikuwa zikitoka usiku kwenda Shanghai. China na Umoja wa Afrika walikanusha. Haijalishi msomaji anaegemea upande upi, konseli inayotunza alama za vidole za raia wake inapaswa kujua ni nani aliyemimina zege, aliyelaza nyaya na aliyeweka seva.

Vipi kwa nchi zisizo na uwezo wa kubeba haya yote peke yake? Jibu limesimama Berlin tangu 1999. Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden zilinunua eneo moja, zikajenga balozi tano, kila moja na mbunifu wa nchi yake, na kuzizungushia ukuta mmoja wa shaba wenye kimo cha mita 15 hivi. Jengo la sita, Felleshus, ni la wote: mapokezi, ukumbi, maonyesho na mgahawa. Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Umoja wa Ulaya zilifanya jambo linalokaribiana na hilo katikati ya Dar es Salaam, na zikaliita jengo lao Umoja House. Inasikitisha kwamba neno hilo la Kiswahili limebandikwa kwenye jengo la Wazungu waliokubaliana, huku Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye wanachama wanane na pasipoti ya kielektroniki ya muundo mmoja ikiwa haijajenga lake huko Ghuba.

Sheria ya kimataifa haizuii. Ibara ya 8 ya mkataba wa 1963 inaruhusu konseli ya nchi moja kuihudumia nchi nyingine, mradi nchi mwenyeji ipewe taarifa na isipinge. Kiwanja kimoja Dubai au Jeddah kinaweza kuwa na geti moja la ukaguzi, ukumbi mmoja wa kusubiria, vyumba vya faragha, makazi ya muda ya wahanga na mwanasheria mmoja wa zamu anayezungumza Kiswahili na Kiarabu. Nyuma ya ukumbi huo kila nchi ibaki na ofisi zake, nyaraka zake na bendera yake. Mlinzi wa usiku, jenereta na zimamoto vigharimiwe kwa pamoja.

Mawaziri wa mambo ya nje wa Jumuiya wanaweza kulianza hili kwa mji mmoja. Watume timu ndogo ya wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na maofisa waliokaa miaka kwenye madirisha hayo, wawasikilize wafanyakazi wa ndani, madereva, wanafunzi na wafanyabiashara waliowahi kuhudumiwa huko, kisha waandike orodha ya mahitaji kabla mtu yeyote hajachora sura ya mbele ya jengo. Orodha hiyo ipelekwe bungeni pamoja na ombi la fedha. Wabunge watakapoletewa picha za kompyuta zenye vioo vinavyong'aa na bendera ikipepea, waombe kwanza ramani ya ghorofa ya chini, na waulize mwanamke atakayefika saa nane za usiku bila pasipoti atafunguliwa mlango upi.